Nundu, Upana na Mpishano: Kuchagua Kamshafti ya Injini ya Kawaida kwa Lugha ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanashughulikia swali la kiufundi ambalo aghalabu huelezwa kwa Kiingereza hata pale ambapo fundi na mwenye gari ni wasemaji wa Kiswahili: je, mtu mwenye injini ambayo haijabadilishwa sana tangu ilipotoka kiwandani achague kamshafti ya aina gani anapotaka kuiongezea nguvu? Makala yanaeleza kazi ya kamshafti, yanapendekeza istilahi nne za kuizungumzia, kisha yanazitumia istilahi hizo kulinganisha kamshafti tatu za injini ya Chevrolet ya inchi za ujazo 350. Hoja kuu ni mbili. Kwanza, kamshafti ifaayo ni ile inayopatana na viungo vingine vya gari, wala si ile yenye nambari kubwa. Pili, majina ya vifaa yanaweza kukopwa bila hasara, lakini majina ya mahusiano baina ya vifaa hivyo yafaa kuundwa kutokana na Kiswahili chenyewe, maadam humo ndimo uamuzi wa mteja unamofanyika.

1.0 Utangulizi

Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Hadhi hiyo haijabadilisha sana hali ilivyo katika karakana za jua kali. Mazungumzo baina ya fundi, mwanagenzi na mteja huendeshwa kwa Kiswahili, lakini karatasi ya vipimo inayoandamana na kipuri huwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha vifupisho. Matokeo yake ni kwamba uamuzi mkubwa hufanywa mahali ambapo lugha imekatika. Mteja huuliza, "Ipi ina nguvu zaidi?" naye muuzaji huielekezea kidole nambari iliyo kubwa kuliko zote.

Hasara ya uamuzi wa namna hiyo si ndogo. Kamshafti isiyofaa huifanya injini iwe dhaifu kuliko ilivyokuwa, hula petroli bila faida, huweza kuikutanisha vali na pistoni, na huweza kuufanya mguu wa dereva ukute breki ngumu. Kwa hivyo, suala la istilahi hapa si la kupamba lugha. Ni suala la mtu kujua anachonunua.

Injini iliyoteuliwa kuwa mfano ni ile ya Chevrolet ya Marekani yenye silinda nane na ujazo wa inchi 350, yaani takriban lita 5.7. Iliuzwa mara ya kwanza katika gari la Camaro la mwaka wa mfano wa 1967. Imeteuliwa kwa sababu vipuri vyake vya kuongeza nguvu vimetengenezwa kwa wingi mno, vipimo vyake vinafahamika vyema, na kanuni zinazoitawala ndizo zinazotawala injini nyingine za petroli zisizo na tabo.

2.0 Kazi ya Kamshafti

Injini ya petroli ya kawaida hufanya kazi kwa hatua nne. Katika hatua ya kufyonza, pistoni hushuka huku vali ya kuingiza ikiwa wazi ili mchanganyiko wa hewa na petroli uingie. Katika hatua ya kugandamiza, vali zote mbili huwa zimefungwa na pistoni hupanda. Katika hatua ya nguvu, cheche ya plagi huwasha mchanganyiko huo na pistoni husukumwa chini. Katika hatua ya kutoa, vali ya kutoa hufunguka na pistoni inayopanda hufukuza moshi. Hatua hizo nne huchukua mizunguko miwili ya krankishafti, yaani digrii 720, ilhali kamshafti huzunguka mara moja tu. Injini inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, kamshafti huzunguka mara 1,500, na kila vali hufunguka na kufungwa mara 25 katika sekunde moja.

Katika injini ya Chevrolet 350 kamshafti ni moja, nayo imelazwa katikati ya mwili wa injini, chini ya vichwa vya silinda. Ina nundu 16, moja kwa kila vali. Nundu hunyanyua tapeti, tapeti husukuma fimbo nyembamba, fimbo huinua upande mmoja wa roka, na upande wa pili wa roka huibonyeza vali ikafunguka.

Mnyambuliko wa vitenzi vya Kiswahili unalifafanua jambo moja hapa kwa wepesi mkubwa. Vali hufunguliwa na nundu, lakini haifungwi na nundu. Nundu ikishapita, vali hufungwa na springi. Watendaji ni wawili, na kauli ya kutendwa humwezesha msemaji kumtaja kila mmoja mahali pake. Anayesema tu kwamba "kamshafti hufungua na kufunga vali" amemficha mtendaji wa pili, na huyo aliyefichwa ndiye atakayeleta matatizo, kama itakavyobainika katika sehemu ya 5.4.

3.0 Istilahi Nne za Msingi

3.1 Mnyanyuko

Nundu ni sehemu iliyotuna katika mhimili wa kamshafti. Neno hili lilikuwapo kabla ya injini: msemaji yeyote aliyemwona ng'ombe wa zebu analielewa. Kimo cha nundu ndicho huamua vali itafunguka kwa umbali gani. Umbali huo unaitwa hapa mnyanyuko.

Ni muhimu kutofautisha mnyanyuko wa nundu na mnyanyuko wa vali. Roka za Chevrolet 350 hukuza mwendo kwa uwiano wa 1.5 kwa 1. Nundu yenye mnyanyuko wa inchi 0.280 huifungua vali kwa inchi 0.420, ambayo ni takriban milimita 10.7. Asiyeuliza nambari aliyotajiwa ni ya nundu au ya vali anaweza kukosea kwa nusu nzima.

3.2 Upana wa uwazi

Istilahi ya pili hutaja kiasi cha mzunguko wa krankishafti ambacho vali hukaa wazi. Baadhi ya watu wangetaka kuiita "muda", na hapo ndipo pana mtego. Kipimo chake si sekunde bali digrii. Chukua vali inayokaa wazi kwa digrii 204. Injini ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, digrii hizo hupita katika sekunde 0.034. Ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, hupita katika sekunde 0.0068. Digrii ni zile zile, lakini muda umepungua mara tano. Kwa sababu hiyo, makala haya yanapendekeza upana wa uwazi, kwa kuwa upana haubadiliki mwendo unapobadilika.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha somo zima. Hatua ya kufyonza ina digrii 180, lakini vali ya kuingiza huachwa wazi kupita hapo, hata baada ya pistoni kuanza kupanda. Injini ikienda kasi, hewa iliyokwisha kushika mwendo huendelea kuingia kwa msukumo wake, na silinda hujaa zaidi. Injini ikienda polepole, hewa haina msukumo huo. Pistoni inayopanda huirudisha ilikotoka. Kwa hivyo, upana mkubwa hunufaisha mwendo wa juu na huumiza mwendo wa chini. Hakuna kamshafti ya kawaida inayokwepa sheria hiyo.

Kuna tahadhari moja zaidi. Watengenezaji hutoa vipimo viwili vya upana. Kipimo cha matangazo huanza kuhesabiwa tapeti inapoanza kunyanyuka kidogo sana, na kila mtengenezaji ana mahali pake pa kuanzia. Kipimo cha kulinganishia huanza tapeti ikiwa imenyanyuka inchi 0.050, yaani milimita 1.27, na hupimwa vivyo hivyo na wote. Mnunuzi ashike hiki cha pili.

3.3 Mpishano

Mwishoni mwa hatua ya kutoa, vali ya kuingiza huanza kufunguka kabla ya vali ya kutoa kumaliza kufungwa. Kwa kitambo hicho zote mbili huwa wazi: moshi unatoka na hewa safi inaingia, mithili ya wageni wanaopishana mlangoni. Kitenzi kupishana kinabeba maana hiyo barabara, na nomino yake ni mpishano.

Mpishano mkubwa husaidia mwendo wa kasi, kwa kuwa moshi unaokimbia kuelekea kwenye ekzosi huivuta hewa mpya nyuma yake. Gari likiwa limesimama huku injini ikinguruma, mambo hugeuka. Moshi hurudi ndani, mchanganyiko huchafuka, na injini hutetemeka. Mngurumo huo wa kukatakata huwavutia wengi, nao hununua kamshafti kwa ajili ya sauti. Ukweli ni kwamba sauti hiyo ni dalili ya injini isiyowaka sawasawa katika mwendo wa chini.

3.4 Mwachano wa nundu

Kila silinda ina nundu ya kuingiza na nundu ya kutoa. Pembe iliyopo baina ya vilele vya nundu hizo mbili ni mwachano wa nundu, nayo hupimwa kwa digrii za kamshafti, si za krankishafti. Mwachano mdogo, mathalani digrii 106 au 108, huongeza mpishano. Mwachano mkubwa, mathalani digrii 112 au 114, huupunguza na kuituliza injini gari linaposimama.

Istilahi hizi nne zina muwala. Mtu akijua upana wa nundu zote mbili na mwachano wake, anaweza kuupata mpishano kwa hesabu nyepesi: ajumlishe upana wa kuingiza na wa kutoa, agawe kwa mbili, kisha aondoe mwachano uliozidishwa mara mbili.

4.0 Kamshafti Tatu Zalinganishwa

Kufikia katikati ya miaka ya 1970, injini nyingi za 350 zilitoka kiwandani zikiwa na uwiano wa mgandamizo wa 8.5 kwa 1. Injini ya msingi ya Corvette ya 1975 ilitangazwa kuwa na nguvu farasi 165, ilhali injini ya LT-1 ya 1970, yenye ujazo uo huo, ilikuwa imetangazwa kuwa na 370. Sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na mgandamizo, kwa kuwa LT-1 ilikuwa na 11 kwa 1, na kamshafti ya LT-1 ilikuwa kali zaidi. Sehemu nyingine ilitokana na kubadilishwa kwa namna ya kupima: kuanzia mwaka wa mfano wa 1972, watengenezaji wa Marekani walipima injini ikiwa na vifaa vyake vyote, ikiwamo ekzosi ya gari. Hapa pia neno moja, nguvu farasi, lilibeba vipimo viwili.

Mwenye injini ya mgandamizo wa 8.5 anaweza kukabiliwa na kamshafti hizi tatu. Digrii za upana zilizotajwa ni za kipimo cha inchi 0.050, ila pale palipoelezwa vingine.

(a) Kamshafti ya kiwandani iliyofungwa katika nyingi za injini hizi: upana wa kuingiza takriban digrii 195 na wa kutoa 202, mnyanyuko wa vali inchi 0.390 na 0.410, mwachano digrii 112.

(b) Edelbrock Performer: upana 204 na 214; mnyanyuko inchi 0.420 na 0.442, mwachano digrii 112. Kipimo chake cha matangazo ni digrii 278 na 288.

(c) Comp Cams XE268H: upana 224 na 230; mnyanyuko inchi 0.477 na 0.480, mwachano digrii 110. Kipimo chake cha matangazo ni digrii 268 na 280.

Anayetazama kipimo cha matangazo pekee atasema kwamba (b) ni kali kuliko (c), kwa kuwa 278 ni kubwa kuliko 268. Kipimo cha kulinganishia kinaonyesha kinyume chake: (c) inaizidi (b) kwa digrii 20 upande wa kuingiza. Sababu ni kwamba nundu za (c) zina miteremko mikali zaidi na hunyanyua tapeti upesi. Aliyeshika nambari bila kushika maana yake amenunua kitu kilicho kinyume cha alichokusudia.

Hesabu ya mpishano inaongeza nuru. Kwa (a), wastani wa upana ni 198.5, ukiondoa 224 unapata hasi 25.5. Kwa (b), wastani ni 209. Ukiondoa 224 unapata hasi 15. Kwa (c), wastani ni 227. Ukiondoa 220 unapata 7. Jibu likiwa hasi, maana yake ni kwamba katika kipimo hicho vali hazikutani zikiwa wazi. Kwa hivyo, (b) inafuata tabia ya kamshafti ya kiwandani kwa kuizidi kidogo, lakini (c) imevuka mpaka na kuingia katika tabia nyingine.

5.0 Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua

Methali isemayo kidole kimoja hakivunji chawa inafaa kuwa kanuni ya kwanza ya kuteua kamshafti. Kuna viungo vinne vya kuulizwa.

5.1 Mgandamizo

Vali ya kuingiza inapochelewa kufungwa, pistoni huanza kugandamiza ikiwa imechelewa vilevile. Hivyo, kila nyongeza ya upana hupunguza mgandamizo halisi katika mwendo wa chini. Injini yenye 10 kwa 1 ina akiba ya kupoteza. Injini yenye 8.5 kwa 1 haina. Mafundi wengi huwashauri wenye injini za mgandamizo ulio chini ya 9 wasivuke sana digrii 210 hadi 220 za kipimo cha inchi 0.050.

5.2 Gia na mwendo wa kawaida

Swali linalofuata ni injini huzunguka kwa kasi gani siku nyingi za maisha yake. Gari lenye difu ya uwiano wa 2.73 na magurudumu ya kipenyo cha inchi 26, likienda kilomita 100 kwa saa katika gia ya moja kwa moja, huzungusha injini takriban mara 2,200 kwa dakika. Kamshafti ambayo nguvu yake huamka kuanzia 2,500 itakuwa imelala safari nzima. Watengenezaji hutaja eneo la kazi: kwa (b), tangu gari liliposimama hadi takriban 5,500, kwa (c), kutoka 1,600 hadi 5,800. Ikiwa gari lina giaboksi ya otomatiki ya kiwandani, sehemu kubwa ya kuondoka kwake hufanyika karibu na mpaka wa chini wa (c).

Ifahamike pia kwamba nguvu farasi ni zao la nguvu ya kuzungusha na kasi ya mzunguko. Nambari kubwa ya nguvu farasi inaweza kupatikana katika kasi ambayo dereva haifikii. Nguvu ya kuzungusha katika mwendo wa chini ndiyo inayoliondoa gari kwenye taa za barabarani na kulipandisha mlima.

5.3 Ombwe, breki na mwinuko wa nchi

Pistoni inapofyonza huku mlango wa kabureta ukiwa karibu kufungwa, ombwe hutokea kwenye mabomba ya kuingizia hewa. Ombwe hilo hutumiwa na kisaidizi cha breki kumpunguzia dereva kazi ya kukanyaga. Katika usawa wa bahari, injini nzima ya kawaida huonyesha ombwe la inchi 17 hadi 21 za zebaki inaponguruma gari likiwa limesimama. Mpishano mkubwa huipunguza nambari hiyo, kwa kuwa moshi hurudi kujaza mahali palipopaswa kuwa tupu.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa msomaji wa nyanda za juu za Kenya. Kwa kila futi 1,000 za mwinuko, kipimo cha ombwe hushuka kwa takriban inchi moja. Jiji la Nairobi limeinuka takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Eldoret limeinuka zaidi. Injini iliyoonyesha inchi 18 Mombasa itaonyesha takriban 12 au 13 Nairobi, hata bila kubadilishwa chochote. Aidha, kanieneo ya hewa Nairobi ni takriban asilimia 80 ya ile ya pwani, kwa hivyo silinda hujazwa hewa kidogo na mgandamizo halisi huwa umepungua tayari. Kamshafti pana huupunguza kwa mara ya pili. Ndiyo kusema, kamshafti iliyosifiwa na dereva wa pwani inaweza kumfedhehesha dereva wa Nairobi katika msongamano wa magari, ambapo breki hukanyagwa mara kwa mara huku injini ikizunguka polepole.

5.4 Springi na nafasi

Hapa anarejea mtendaji wa pili. Springi za kiwandani ziliteuliwa kwa nundu za kiwandani. Nundu ndefu na zenye miteremko mikali hudai springi kali zaidi. Springi ikishindwa kuirudisha vali upesi, tapeti huachana na nundu na vali huelea. Injini hupoteza nguvu ghafla katika mwendo wa kasi, na vali inaweza kugongwa na pistoni. Vilevile, springi isibonyezwe hadi mizunguko yake ikagusana.

Kichwa cha silinda nacho kina mpaka wake. Vichwa aina ya Vortec, vilivyoanza kufungwa katika magari ya mizigo ya Chevrolet mwaka 1996, vina sifa nzuri ya kupitisha hewa, lakini vikiwa kama vilivyotoka kiwandani haviruhusu mnyanyuko wa vali unaozidi sana inchi 0.460. Kamshafti (b) hupita humo. Kamshafti (c) hudai vichwa vikachongwe kwanza.

Mwisho, nafasi kati ya vali na pistoni ipimwe. Mafundi hubandika udongo laini juu ya pistoni, hufunga kichwa, huzungusha injini kwa mkono, kisha hufungua na kupima unene wa udongo uliobonyezwa. Kipimo cha chini kinachokubalika na wengi ni inchi 0.080 upande wa kuingiza na 0.100 upande wa kutoa. Kazi hiyo huchukua saa chache. Kuiacha kunaweza kuigharimu injini.

6.0 Kufunga na Kuzindua

Uteuzi mwema unaweza kuharibiwa na ufungaji mbaya. Injini za 350 zilizotengenezwa kabla ya 1987 zina tapeti bapa, zinazoteleza juu ya nundu. Uso wa nundu umechongwa ukiwa na mwinamo mdogo sana ili tapeti izunguke taratibu inaponyanyuliwa, isilike mahali pamoja. Kwa kuwa kila tapeti hulainishwa na nundu yake hadi zikazoeana, tapeti kuukuu hazifungwi kamwe na kamshafti mpya.

Dakika 20 hadi 30 za kwanza ndizo za hatari. Nundu hupakwa mafuta mazito, na injini inapowashwa tu hupelekwa kwenye mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika bila kuachwa itulie, kwa kuwa oili hurushiwa nundu na krankishafti inayozunguka kwa kasi. Oili yenyewe iwe na zinki na fosforasi za kutosha. Oili nyingi za magari ya kisasa zimepunguziwa madini hayo ili kuvilinda visafishaji vya moshi, na nundu zinaweza kulika mapema kwa sababu hiyo. Kuanzia mwaka wa mfano wa 1987, Chevrolet ilianza kutumia tapeti za magurudumu katika injini nyingi za jamii hii, ambazo hazihitaji uzinduzi mkali wa aina hiyo.

7.0 Funzo la Kiisimu

Mjadala huu umetumia maneno ya aina mbili. Kamshafti, pistoni, vali, springi, tapeti, roka na difu ni maneno ya mkopo, na hakuna haja ya kuyafukuza. Kila moja huelekeza kwenye kitu kinachoshikika. Mwanagenzi huonyeshwa kitu hicho na jina lake kwa wakati mmoja, na elimu huwa imekamilika.

Mnyanyuko, upana wa uwazi, mpishano na mwachano ni maneno ya aina nyingine. Hayaelekezi kwenye kitu, bali kwenye uhusiano baina ya vitu vinavyosogea. Hakuna anayeweza kuuinua mpishano mezani na kumwonyesha mwanagenzi. Maneno ya namna hii yakikopwa yalivyo, hubaki kuwa sauti tu zinazokaririwa. Yakiundwa kutokana na vitenzi ambavyo msemaji anavijua tangu utotoni, yaani kunyanyua, kupishana na kuachana, hubeba maelezo yao ndani yao. Pendekezo la "muda", lililokataliwa katika 3.2, linaonyesha kwamba si kila neno la Kiswahili linafaa kwa kuwa tu ni la Kiswahili. Mwundaji wa istilahi analazimika kukielewa kitu kabla ya kukipa jina.

Kutokana na hayo, mwanafunzi wa Kiswahili anayekusudia kuunda istilahi za ufundi ana wajibu wa kwenda karakana kabla ya kwenda maktaba. Fundi naye ana haki ya kudai istilahi zinazofanya kazi.

8.0 Hitimisho

Kwa mwenye Chevrolet 350 yenye mgandamizo wa 8.5, difu ya kiwandani, giaboksi ya otomatiki na breki zinazotegemea ombwe, kamshafti inayofaa ni ile inayofanana na (b): upana wa digrii 204 hadi 214 na mwachano wa 112, ikiandamana na tapeti mpya na springi zinazopatana nayo. Mwenye mgandamizo wa 9 au zaidi, difu fupi na ekzosi iliyofunguliwa anaweza kuifikiria (c), mradi akubali kwamba gari litanguruma vibaya linaposimama. Mwenye gari la kisasa ambalo vali zake huongozwa na kompyuta atambue kwamba watengenezaji wamekwisha kulitafutia suluhisho tatizo hili. Mfumo wa VTEC, ambao Honda iliuanzisha mwaka 1989, una nundu za mwendo wa chini na za mwendo wa juu katika kamshafti ile ile. Kuuvuruga bila kuipanga upya kompyuta kwaweza kuipokonya injini kile ilichopewa.

Kanuni ya jumla ni kwamba, penye shaka baina ya kamshafti mbili, ndogo ndiyo salama. Mtaka yote hukosa yote. Mteja wa Kiswahili atakapoweza kumuuliza muuzaji upana wa uwazi ni digrii ngapi katika inchi 0.050, mwachano ni ngapi, na mpishano unaopatikana utabakiza ombwe kiasi gani kwa breki zake Nairobi, hatahitaji tena kuuliza ipi ina nguvu zaidi. Swali lake litakuwa limekwisha kuwa swali la fundi, na jibu atalielewa kwa lugha aliyoulizia.